Bei ya Kungoja

Mkataba wa fahirisi ya hisa ni makubaliano ya kununua au kuuza thamani ya kundi zima la hisa katika tarehe iliyotajwa, kwa bei inayokubaliwa leo. Siku ya mwisho hakuna hati ya hisa inayokabidhiwa. Kinacholipwa ni tofauti kati ya bei ya makubaliano na kiwango ambacho fahirisi imefikia. Bei hiyo haitokani na utabiri wa soko litakavyokuwa. Inatokana na mambo matatu: kiwango cha fahirisi cha leo, riba ya muda uliobaki, na gawio ambalo kampuni zilizomo zitalipa ndani ya muda huo. Riba huipandisha bei, gawio huishusha. Ndani ya hesabu hiyo fupi limo swali ambalo mafakihi wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo wamelijadili kwa karne nyingi: je, muda una bei, na kama unayo, nani ana haki ya kuipokea?

Swali hilo si la masoko ya Nairobi na Chicago peke yake. Wilayani Chemba, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kondoa mwaka 2012 katika nyanda kavu za kati za Tanzania, mkulima anayeuza ufuta wake Februari, ukiwa bado unachanua, naye anauza muda. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara wa fahirisi ana kanuni ya kupimia anachokiuza, na mkulima hana. Kwa hiyo hesabu ya soko la hisa inastahili kueleweka hata na mtu ambaye dini yake inamkataza kuingia kwenye biashara yenyewe. Inafundisha kutenganisha malipo ya kungoja, malipo ya kubeba hatari na malipo yanayotokana na shida ya mwenzako, mambo matatu ambayo kwa kawaida hufichwa ndani ya bei moja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ikichukuliwa kwamba fahirisi imesimama kwenye alama 3,000, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na mkataba umebakiza miezi 3, basi riba ya kipindi hicho ni asilimia 2, yaani alama 60. Kama kampuni zilizomo kwenye fahirisi zinatarajiwa kulipa gawio la alama 45 kabla mkataba haujaisha, bei halali ya mkataba, kwa maana ya hesabu tu, ni 3,000 kuongeza 60 na kutoa 45, yaani 3,015. Anayenunua mkataba badala ya hisa zenyewe anabaki na fedha zake mkononi kwa miezi mitatu, na fedha hizo zinaweza kumzalia riba. Kwa hiyo anapaswa kulipa zaidi. Lakini kwa kuwa hana hisa, gawio halimfikii. Kwa hiyo anapaswa kulipa pungufu. Bei ni mizani ya mambo hayo mawili.

Soko huilinda bei hiyo bila kuamriwa na mtu. Mkataba ukiuzwa 3,040, mwenye mtaji atakopa 3,000, atanunua hisa za fahirisi na kuuza mkataba. Baada ya miezi mitatu atapata 3,040 pamoja na gawio la 45, atarudisha 3,060, na atabakiwa na 25 bila kujali kama soko limepanda au limeanguka. Wengi wakifanya hivyo, uuzaji wao unaishusha bei. Mkataba ukishuka hadi 3,000, wenye hisa nao wataziuza, wataweka fedha kwenye riba na kununua mkataba: watapata 60, watakosa gawio la 45, na 15 itakuwa faida yao. Manunuzi yao yataipandisha bei hadi irudi karibu na 3,015.

Hesabu hii huwashangaza wengi pale gawio linapozidi riba. Likiwa alama 75 badala ya 45, bei ya mkataba inakuwa 2,985, chini ya kiwango cha leo. Mtu asiyejua atasema soko linatarajia anguko, kumbe hakuna aliyetarajia kitu. Ni kwamba tu mwenye kushika hisa katika kipindi hicho anavuna zaidi ya mwenye kushika fedha.

Katika Afrika Mashariki biashara hii ina makao rasmi Nairobi. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko lake la mikataba ya aina hii, linaloitwa NEXT, Julai 2019, likianza na mkataba wa fahirisi ya NSE 25 na mikataba ya hisa za kampuni moja moja. Mabadiliko ya riba nchini Kenya yanatoa somo zuri. Katikati ya mwaka 2024 dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka; kufikia nusu ya pili ya 2025 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 8. Kwa fahirisi ya alama 3,000, sehemu ya riba katika mkataba wa miezi mitatu ilikuwa alama 120 katika kipindi cha kwanza na 60 katika cha pili. Kampuni zilezile, hisa zilezile, lakini bei ya kungoja imepungua nusu kwa sababu mkopaji mkubwa kuliko wote, yaani serikali, alilipa kidogo zaidi kwa fedha za watu.

Gawio nalo lina kalenda yake. Benki nyingi za Kenya hufunga hesabu Desemba na kulipa gawio la mwisho wa mwaka kati ya Aprili na Juni. Safaricom, kampuni nzito kuliko zote katika fahirisi hiyo, hufunga hesabu Machi na kulipa gawio la mwisho kufikia Agosti. Mkataba unaovuka tarehe hizo hubeba makato makubwa, usiozivuka haubebi. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, maana mnunuzi wa siku hiyo hatalipata. Mkataba ulikwisha kulihesabu gawio hilo tangu mwanzo. Soko la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, lina fahirisi zake na kampuni zinazolipa gawio zuri, benki za NMB na CRDB zikiwa mbele, lakini mkataba wa fahirisi wa namna hii ni biashara ya Nairobi.

Sasa swali la dini. Katika hesabu ya 3,015, alama 60 ni riba. Muislamu anayeamini kwamba riba ni haramu, kama aya za 275 hadi 279 za Sura ya Al-Baqara zinavyofundisha, anaikuta imekaa katikati ya bei hata kama hakukopa shilingi moja. Je, akinunua kwa bei hiyo amekula riba?

Jibu la haraka huwa ni ndiyo, na jibu hilo si sahihi. Fiqhi haijawahi kusema kwamba muda hauna thamani. Mafakihi wa madhehebu yote manne waliruhusu kitu kuuzwa kwa bei ya juu zaidi kikilipiwa baadaye, maadamu bei moja imekubaliwa kabla ya kuachana. Wengi wao walieleza wazi kwamba kuchelewa kwa malipo huchukua fungu katika bei. Walichokataza ni fungu hilo kusimama peke yake: fedha kwa fedha na nyongeza, bila kitu kilichouzwa wala hatari iliyobebwa. Muda, kwa fiqhi, unaweza kuwa sehemu ya bei ya ng'ombe au gunia. Hauwezi kuwa bidhaa. Mpaka huo ni mwembamba na wengi wameubeza kuwa ni mchezo wa maneno. Lakini una mantiki. Anayeuza ng'ombe kwa mkopo amekwisha kumiliki ng'ombe, na kabla ya kumuuza angeweza kufa mikononi mwake. Anayekopesha fedha kwa nyongeza hajajiweka mahali popote pa kupoteza isipokuwa mdaiwa akimbie.

Muhammad Taqi Usmani, fakihi wa Pakistan na mmoja wa walioandika sana juu ya benki za Kiislamu, amekubali kwamba kutumia kiwango cha riba kama kipimo cha kupangia faida ya biashara halali hakuifanyi biashara hiyo kuwa haramu, ingawa angependa kipimo kingine kipatikane. Tanzania jambo hili ni la kila siku. Amana Bank iliyofunguliwa 2011 na huduma ya Al Barakah ya CRDB iliyoanza 2021 huuza bidhaa kwa faida iliyotajwa, katika nchi ambayo tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera ya fedha kwa kiwango cha riba, kilichoanza na asilimia 5.5, kikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo na kushuka hadi 5.75 Julai 2025. Hakuna benki nchini inayoweza kupanga bei kana kwamba kiwango hicho hakipo.

Kwa hiyo riba iliyomo kwenye kanuni si sababu tosha ya kuuharamisha mkataba wa fahirisi. Sababu nzito ziko kwingine. Mwaka 1992, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba kuuza na kununua fahirisi hakuruhusiwi, kwa kuwa ni kamari na ni kuuza kitu cha kufikirika kisichoweza kuwapo. Hoja hii inagonga penyewe. Fahirisi ni namba. Haiwezi kukabidhiwa, haiwezi kuoza, haiwezi kuliwa. Mnunuzi na muuzaji hawakusudii kupeana chochote isipokuwa tofauti ya fedha, na anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine. Inaongezewa nguvu na hadithi ya Hakim ibn Hizam, ambaye Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho.

Upo upande wa pili unaostahili kusikilizwa. Mohammad Hashim Kamali, mwanasheria mzaliwa wa Afghanistan aliyefundisha Malaysia, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima kinachotetea mikataba ya bidhaa ya siku za mbele. Kwake, makatazo ya kuuza usichokuwa nacho yalilenga hatari ya muuzaji kushindwa kukabidhi, na soko lenye nyumba ya malipo inayodai dhamana na kulipisha hasara kila siku limeiondoa hatari hiyo. Hoja yake ina nguvu kwa pamba, ngano na ufuta. Kwa fahirisi inapwaya, maana pale hakuna ukabidhi wa kushindwa. Mfuko wa pensheni wenye hisa halisi unaouza mkataba ili kujikinga na anguko una udhuru ambao mcheza bei hana. Lakini hata mfuko huo unahitaji mtu wa upande wa pili, na mara nyingi mtu huyo anabahatisha.

Wakristo walifika kwenye mlango huohuo kwa njia nyingine. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba fedha hutumika kwa kutoka mkononi, kwa hiyo anayedai fedha yake pamoja na malipo ya matumizi yake anauza kitu kimoja mara mbili. Lakini katika swali la 78 la sehemu ya pili ya pili ya kitabu chake kikuu cha teolojia alikwenda mbele kuliko mafakihi. Alisema anayeuza kwa bei ya juu kuliko haki kwa sababu mnunuzi atachelewa kulipa anatoza riba, na pia anayenunua kwa bei ya chini kuliko haki kwa sababu amelipa mapema anatoza riba. Aliacha mlango mmoja tu: muuzaji mwenyewe akiamua kupunguza bei ili apate fedha mapema, hakuna dhambi ya riba. Baadaye Kanisa lilikubali sababu zilizo nje ya mkopo wenyewe, kama hasara halisi inayompata mkopeshaji kwa kukosa fedha yake, na Papa Benedict XIV alizitambua sababu hizo katika waraka wake wa 1745 huku akiyashikilia makatazo ya riba tupu.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Chemba ina Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo. Uislamu umekita mizizi huko, hasa kwa Warangi, na upande wa Kwamtoro na Farkwa parokia za Kikatoliki zina wafuasi wengi. Majirani wawili, mmoja akifuata madhehebu ya Shafii na mwingine akimfuata Thomas, wanaweza kuutazama mkataba mmoja wa ufuta na kutoa hukumu mbili. Wa kwanza atauliza kama masharti ya mauzo ya salam, yaani kulipa leo kwa mazao yatakayokabidhiwa baadaye, yametimia. Wa pili atauliza kama bei ni ya haki, na kama aliyepunguziwa alipunguza kwa hiari.

Kabla ya kufika kwenye ufuta, gawio nalo linadai nafasi yake, kwa sababu nchini Tanzania lilishukiwa zaidi kuliko riba. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa chama tawala cha TANU au Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Hoja haikuwa ya kifiqhi wala ya kanisa. Ilikuwa kwamba anayeishi kwa gawio anakula jasho la wengine, na anayekula jasho la wengine hafai kuwaongoza. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1991 katika kikao kilichofanyika Zanzibar, na miaka saba baadaye hisa zilikuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Ni lazima ikubaliwe kwamba Azimio liliona jambo la kweli: gawio linaweza kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani. Lakini halikueleza gawio linatofautianaje na riba, na hapo ndipo dini zinapofafanua vizuri zaidi. Gawio halijaahidiwa. Kampuni ikipata hasara, mwanahisa hapati kitu na huenda akapoteza mtaji. Kanuni ya fiqhi, iliyosimama juu ya hadithi, ni kwamba mapato humwendea yule ambaye hasara ingemwangukia. Kwa kipimo hicho alama 45 za gawio na alama 60 za riba si ndugu, ingawa katika hesabu zinaongezwa na kutolewa kana kwamba ni za ukoo mmoja.

Kanuni ya fahirisi inavipa vitu hivyo viwili alama zinazopingana, na hiyo ni habari yenye maana. Inasema kwamba thamani ya kungoja si lazima iwe upande wa mwenye fedha. Kama kitu chenyewe kinazaa kikiwa mkononi, basi kukikosa ni hasara, na bei ya mbele lazima ishuke ili kuifidia hasara hiyo. Kwenye nafaka jambo hili huonekana wazi kuliko kwenye hisa. Mvua za Chemba ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi ya njaa ni Januari hadi Machi, ghala likiwa tupu na shamba likiwa bichi. Gunia la mahindi au uwele Februari linalipa gawio la aina yake: linalisha nyumba. Gunia la Juni halina gawio hilo, kwa sababu Juni kila nyumba imevuna. Ndiyo maana bei ya Juni huwa chini ya bei ya Februari, na mnunuzi anayelipa Februari kwa mahindi ya Juni hana dhambi kwa kutolipa bei ya Februari. Anayemlaumu kwa kulinganisha bei hizo mbili anamwonea. Kipimo cha haki ni bei inayotazamiwa wakati wa mavuno.

Ufuta hauliwi kama ugali, kwa hiyo kipimo hicho kinaukaa vizuri. Mfano wa kukadiria, usio takwimu ya soko, unatosha. Gunia linatazamiwa kuuzwa shilingi 300,000 mwezi Juni. Mnunuzi anatoa 200,000 mwezi Februari. Katika miezi minne fedha yake imezaa nusu ya ilivyokuwa, yaani asilimia 50. Kama fedha hiyo angeikopa benki kwa asilimia 15 kwa mwaka, gharama ya miezi minne ingekuwa asilimia 5. Kungoja peke yake, basi, kungeishusha bei kutoka 300,000 hadi kama 285,000 tu. Zinabaki 85,000 zinazotaka maelezo.

Sehemu ya maelezo hayo ni ukame, na ukame katika nyanda za kati si kisingizio. Ikikadiriwa kwamba msimu mmoja kati ya mitano huharibika kabisa, na kwamba mnunuzi ndiye atakayeibeba hasara yote, anaweza kudai kupunguziwa moja ya tano: kutoka 285,000 hadi 228,000. Bado 28,000 hazina jina. Gharama za magunia na usafiri zinaweza kula kiasi. Kinachobaki baada ya hapo ni njaa ya muuzaji iliyogeuzwa kuwa faida.

Lakini jambo zito zaidi haliko kwenye hizo 28,000. Liko kwenye 57,000 za ukame. Mnunuzi alizipata kwa hoja kwamba anabeba hatari. Je, anaibeba? Katika mapatano mengi ya namna hii, mvua ikikata, deni halifi. Linahamia msimu unaofuata, na gunia moja linakuwa gunia na nusu au mawili. Hapo mnunuzi amelipwa kwa hatari ambayo hakuibeba, kisha analipwa tena kwa kungoja. Wafasiri wanaeleza kwamba riba iliyokuwa ikitendwa Makka kabla ya Uislamu ilikuwa ya sura hiyohiyo: siku ya kulipa ikifika, mdaiwa hulipa au huongezewa. Aya ya 280 ya Al-Baqara inaamuru kinyume, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate nafuu. Mkoani Kagera mauzo ya kahawa ikiwa bado mtini, yanayojulikana kama butura, yamelaaniwa na viongozi wa serikali, na hayakufa, maana haja inayoyazaa haijafa.

Mauzo ya salam yalikusudiwa kuikidhi haja hiyo. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, na hakuwazuia. Aliwataka wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mafakihi walijenga juu ya hapo. Bei yote ilipwe palepale mkataba unapofungwa, maana nusu ikibaki, itakuwa deni kwa deni. Aina na ubora wa mazao utajwe. Na, sharti linalosahauliwa kuliko yote, mazao yasifungwe kwenye shamba fulani. Kuuza ufuta wa shamba lile pale kando ya korongo kabla haujakomaa hakuruhusiwi, kwa kuwa shamba lile linaweza kukauka. Kinachouzwa kwa salam ni gunia la sifa fulani lililo katika dhima ya muuzaji, ambaye anaweza kulitoa shambani kwake, kwa jirani au sokoni. Wengi wanaosema wameuza kwa salam wameuza shamba bichi, na hayo ni mauzo mengine.

Punguzo ndani ya salam ni halali kwa mafakihi, na ni wazi kwamba limebeba thamani ya muda. Kwa hiyo hata hapa kanuni ya fahirisi haisemi uongo. Inafanya kazi ndani ya mkataba ambao sheria imeubariki. Thomas asingeridhika upesi hivyo. Kwa kanuni yake, mnunuzi asiyepewa punguzo kwa hiari anatenda kosa, na hiari ya mtu mwenye watoto wenye njaa mwezi Februari ni jambo la kutiliwa shaka. Katika hoja hii Thomas anaona mbali zaidi, na mashekhe wa vijijini wangefaidika kwa kuuliza swali lake hata baada ya masharti ya salam kutimia.

Sheria ya Tanzania imetoa njia nyingine isiyomdai mkulima auze muda wake kabisa. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 inaruhusu mazao yaliyokwisha kuvunwa kuwekwa ghalani na stakabadhi yake kutumika kama dhamana, na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililozinduliwa 2015, limekuwa likiendesha minada ya ufuta, mbaazi na korosho zilizo ghalani katika mikoa kadhaa. Njia hii inaondoa ubishi wa kuuza kisichokuwapo, kwa kuwa mzigo upo na umepimwa. Haigusi Februari, hata hivyo. Stakabadhi hutolewa kwa kilichovunwa, na njaa huja kabla ya kuvuna. Pengo hilo linazibwa na ndugu, na vikundi vya kuweka na kukopa, au na mnunuzi mwenye pikipiki na fedha taslimu.

Kwa Muislamu anayefuata uamuzi wa Jeddah, mkataba wa fahirisi wa Nairobi hauruhusiwi, na kosa lake ni kukosa kitu kinachouzwa, si riba iliyomo kwenye kanuni. Kwa Mkristo anayefuata mafundisho ya kale pamoja na sababu ambazo Kanisa lilizikubali baadaye, bei ya 3,015 inaweza isiwe na kosa, kwa kuwa pande zote mbili zinaijua hesabu na hakuna anayelazimishwa na njaa. Kosa linaweza kuwa kwenye nia ya kubahatisha. Hukumu hizo mbili zinawahusu watu wachache. Ile ya gunia la ufuta inawahusu maelfu, na haihitaji soko la hisa kutekelezwa: mapatano yaandikwe kama aya ya 282 ya Al-Baqara inavyoagiza, kipimo kitajwe kwa kilo badala ya lumbesa, bei ilinganishwe na ile inayotazamiwa wakati wa mavuno, na ijulikane mapema nani anabeba ukame. Mvua isiponyesha na mazao yasipopatikana, mnunuzi wa salam ana haki mbili: kungoja msimu mwingine kwa idadi ileile ya magunia, au kurudishiwa fedha yake ileile. Haki ya tatu, ya kuongeza, hana.